Kaswende kwa mjamzito: jinsi ya kumtibu bila kutoboa siri yake wala kumlazimisha

Kila wanaporipoti watumishi wapya kwenye zahanati za kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, kuanzia Igombe na Kayenze mpaka visiwa vya Ukerewe, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Mama kakutwa na kaswende na mumewe yuko kambi ya uvuvi, nimchome sindano au nisubiri? Amekataa kumwambia mwenza, nimwambie mimi? Mama mkwe ndiye aliyemleta na sasa anataka majibu, nifanyeje? Binti ana miaka 16, nani anatoa ridhaa?

Dozi haiwasumbui, imebandikwa ukutani. Kinachowakosesha usingizi ni haki: ya mama aliyekaa mbele yao, ya mtoto aliye tumboni, ya mwanaume aliye majini. Basi nimeyaandika yote mahali pamoja. Nitaongea zaidi juu ya kaswende kwa sababu ndiyo inayoua watoto tumboni kimyakimya, lakini magonjwa mengine ya zinaa, kama kisonono, klamidia na trikomonasi, utayafuata kwa njia hiihii.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usome ukiujua. Sindano ya mjamzito haiwekwi rehani. Haimsubiri mume, haisubiri barua ya mwenyekiti wa mtaa, haisubiri mama aungame amelala na nani.

Kabla hujaita mama wa kwanza

Hakikisha unavyo hivi:

- Chumba chenye mlango unaofungika. Kama jengo ni dogo na una pazia tu, sogeza benchi la foleni mbali, kwa sababu pazia huficha mtu lakini sauti haifichi.
- Vipimo vya haraka vya pamoja vya VVU na kaswende. Tazama tarehe ya kuisha muda.
- Benzathini penisilini, ndiyo dawa ya kaswende, maji ya kuchanganyia au lignokeini (dawa ya ganzi) ya 1%, bomba na sindano nene kidogo, maana dawa hii huganda na kuziba.
- Adrenalini mezani, ya kumwokoa atakayepata aleji kali. Ikiwa imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amevuka kwenda mjini, hesabu kwamba huna.
- Rejesta inayofungiwa ikifika jioni.
- Mtumishi anayejua lugha ya hapo, Kisukuma, Kikerewe au Kijita, na anayejua kunyamaza. Ndugu wa mgonjwa asitafsiri majibu, hata akiwa dada yake wa tumbo moja.
- Kalenda inayoonyesha mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Sababu yake iko hatua ya 6.

Hatua

1. Wafundishe wote pamoja, ridhaa ichukue kwa mmoja mmoja.

Elimu ya asubuhi kwenye benchi ni nzuri na inaokoa muda. Kosa ni kuigeuza ridhaa. "Hapa mama wote mnapimwa" ni tangazo, na mama wa kijijini akisikia tangazo la nesi hunyanyua mkono atobolewe kidole bila kujua kinachotafutwa. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inataka mjamzito ashauriwe na apewe nafasi ya kupima kwa hiari. Kwa kaswende fuata moyo huohuo.

Mimi husema hivi: "Mama, nataka kuchukua tone la damu nitazame VVU na kaswende. Kaswende inaweza kumuua mtoto tumboni, na inatibika. Ukikubali, majibu utayapata leo na nitakuambia wewe peke yako. Ukikataa, huduma nyingine zote utapata. Unasemaje?" Halafu nanyamaza. Kimya hicho ni kigumu kwa mwenye foleni ya watu arobaini, lakini kivumilie.

2. Mtoe aliyeongozana naye, kwa heshima, na iwe kanuni kwa wote.

"Mama mkwe, shikamoo. Hapa kila mjamzito huingia peke yake kwanza, kisha tunakuita." Ukimtoa mama mkwe wa mmoja na kumwacha wa mwingine, waliobaki nje wataanza kuhesabu nani ana nini.

Hapohapo, kabla ya kipimo, muulize kuhusu usalama wa nyumbani. Je, mumewe huwa anampiga? Anamwogopa? Majibu yakishatoka, hofu ya kipimo na hofu ya mume huchanganyika na huwezi tena kuzitenganisha.

3. Toa majibu siku hiyohiyo, na ujue kipimo chako kinasema nini na hakisemi nini.

Hatua hii ndiyo inayovunja ndoa nyingi bila sababu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kipimo cha haraka cha kaswende hutazama askari ambao mwili ulitengeneza kupambana na vijidudu. Askari hao kwa watu wengi hubaki kwenye damu maisha yote, hata baada ya tiba kamili. Mama aliyechomwa vizuri kwenye mimba iliyopita anaweza kusoma chanya leo na asiwe na ugonjwa. Tena kidonda cha kwanza cha kaswende hutokea kati ya siku 10 na 90 baada ya kuambukizwa, hakiumi, na hukauka chenyewe. Mwanamke huenda hakukiona kabisa. Baada ya hapo ugonjwa unaweza kulala mwilini miaka.

Kwa hiyo kipimo hakimtaji aliyeleta. Hakisemi kama ni mume au mke, mwaka huu au kabla ya ndoa. Ukimwambia mama "mumeo amekuletea", umesema usilolijua. Ukimuuliza "umeitoa wapi?", umemhukumu. Mwambie: "Damu yako inaonyesha umewahi kukutana na kaswende. Lini na kwa nani, kipimo hiki hakijui. Ninachojua ni kwamba tukikutibu leo tunamkinga mtoto."

Akikwambia alishachomwa mimba iliyopita na huna RPR, kipimo cha damu cha kutazama ukali wa ugonjwa, mtibu tena. Mweleze wazi kwamba huenda sindano hii isingehitajika, ila kumwacha mtoto bila kinga ni hatari kubwa zaidi. Akijua sababu hataona unamtuhumu kwamba amerudia.

4. Choma leo.

Nilipokuwa mpya, kwenye kituo ambacho sitakitaja, tulikuwa na utaratibu kwamba aliyekutwa na kaswende hachomwi mpaka aje na mwenza. Mama mmoja, mchuuzi wa dagaa mwenye mimba ya miezi mitano, nilimrudisha mimi kwa mdomo wangu: "Nenda kamlete baba." Baba alikuwa kisiwani. Mama hakurudi mpaka uchungu ulipomshika, na mtoto alizaliwa mfu. Siwezi kusema kwa hakika kwamba sindano ingemwokoa. Ila dawa ilikuwa kabatini, hatua tatu nyuma yangu.

Baadaye nilisoma utafiti uliofanyika hapahapa Mwanza na kuchapishwa 2002. Kati ya wajawazito ambao hawakuwa wamepimwa na walikuwa na kaswende kali, robo yao, 25%, walizaa mtoto mfu. Upande wa pili, waliopimwa na kuchomwa dozi moja ya benzathini hawakuwa na hatari zaidi ya wanawake wasio na kaswende. Dozi moja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza tiba ianze siku ileile ya kipimo cha kwanza.

Namna ya kuchoma:

- Muulize kuhusu aleji ya penisilini. Kuharisha kidogo au kuwashwa ukeni baada ya dawa si aleji. Kuvimba uso, kushindwa kupumua au kuzimia ni aleji. Huyo mpe rufaa ya haraka hospitali kubwa ambako wanaweza kumzoesha dawa kidogokidogo chini ya uangalizi.
- Yuniti milioni 2.4, ndani ya msuli wa tako. Wengi wetu tunaigawa nusu kila upande. Taratibu. Vuta bomba kwanza uone kama kuna damu, kwa sababu benzathini ikiingia kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo.
- Inauma. Mwambie ukweli kwamba inauma. Kuchanganya na lignokeini hupunguza maumivu.
- Akae nusu saa. Akianza kuvimba au kukosa pumzi, adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, mara moja.
- Mwonye kwamba ndani ya saa 24 anaweza kupata homa, kichwa kuuma, hata tumbo kukaza. Ni vijidudu vinavyokufa. Tumbo likikaza mfululizo au mtoto asipocheza, arudi hata usiku.

Kaswende ya karibuni, dozi moja inatosha. Kama hujui imekaa muda gani, na mara nyingi hutajua, ni dozi tatu, moja kila wiki, na kati ya dozi na dozi zisipite siku 14. Tiba ikamilike mapema. Iliyoanza chini ya siku 30 kabla ya kujifungua haihesabiki kuwa imemkinga mtoto vya kutosha.

Onyo: doksisaiklini ni dawa ya kaswende kwa watu wengine, kwa mjamzito usiipe, inaharibu mifupa na meno ya mtoto. Nimekuta akina mama waliouziwa kwenye duka la dawa kwa sababu waliona aibu kuja kliniki. Usimkemee aliyeinywa. Muulize amekunywa ngapi, kisha mchome.

5. Andika kinachohitajika tu.

Kadi ya kliniki hukaa kwenye begi, begi hukaa nyumbani, na nyumbani wapo wanaojua kusoma. Tumia alama za rejesta badala ya kuandika jina la ugonjwa kwa herufi kubwa. Usipige picha ukurasa wa rejesta ukautuma kwenye kundi la WhatsApp la kituo, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Sindano mchomee chumba kilekile wanachochomewa chanjo ya pepopunda, mlango ukiwa umefungwa. Nje hakuna atakayejua amechomwa mkono au tako. Vituo vyenye benchi la "wale wa sindano ya wiki" vimeshatangaza majibu bila kufungua mdomo.

6. Mwenza.

Mwenza asipotibiwa, mama anaweza kuambukizwa tena kabla hajajifungua. Hilo ni kweli, na mwambie. Lakini mwenza anafikiwa kupitia mama, kwa ridhaa yake. Mpe njia aichague mwenyewe. Anaweza kumwambia peke yake nyumbani. Anaweza kuja naye ukawaeleza wote wawili, ukianza na yale ya hatua ya 3. Anaweza kumpelekea karatasi ya wito isiyotaja ugonjwa: "Baba wa mtoto anaombwa kufika kliniki kwa uchunguzi wa kawaida wa wazazi." Au anaweza kukuomba umpigie wewe, akiwa ameketi hapo anasikia.

Sasa ile kalenda. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi hupumzika, na wanaume wengi hurudi nyumbani. Ukimwambia mama "mlete kesho" wakati wa giza, umempa kazi isiyowezekana, na mama aliyeshindwa kazi ya nesi huona aibu kurudi. Hesabu naye siku za mbalamwezi kwenye kalenda, mpange hapo. Mvuvi akifika, mhudumie mbele ya foleni kama inawezekana. Ana mtego wake na mwenye mtumbwi anamsubiri.

Maonyo mawili. La kwanza: alikwambia anapigwa? Usimpe karatasi ya wito ya kupeleka nyumbani. Tibu, panga kondomu kama anaweza kuzitumia bila kuhatarishwa, muunganishe na afisa ustawi wa jamii, na usimsukume.

La pili: mama asiye na mwenza asitumwe kwa mwenyekiti wa mtaa kuleta barua ya kuthibitisha hana mume. Utaratibu huu nimeuona sehemu nyingi, unaitwa kushirikisha wanaume. Kushirikisha wanaume ni jambo zuri ninalolitaka kwa moyo wote. Kumfanya mjane au binti aliyeachwa aombe kibali cha kutibiwa kwa mwanaume wa serikali ya mtaa ni jambo lingine kabisa.

7. Panga dozi ya pili na ya tatu kabla hajanyanyuka kwenye kiti.

Muulize: "Wiki ijayo utakuwa wapi?" Wanawake wa mialoni, kwenye fukwe za kushushia samaki, huhama. Leo yuko Kirumba ananunua mzigo, Jumamosi yuko Nansio, wiki inayofuata yuko kambi ambayo kivuko hakifiki. Mwandikie karatasi atakayoishika mwenyewe, yenye tarehe za dozi na jina la dawa, aionyeshe kituo chochote.

Kuhusu simu, uliza "Namba hii nani huipokea?" Ujumbe uwe "Mama, usisahau kliniki Jumanne." Basi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii unayemtuma kumfuata mwambie hivyohivyo, kwamba mama anahitajika kliniki. Akikuuliza ana nini, mjibu ana mimba.

Ukikwama

*Amekataa sindano.* Huna ruhusa ya kumlazimisha, hata kwa ajili ya mtoto. Mwili ni wake. Ila kukataa mara nyingi kuna jina. Muulize kinachomtisha. Nimekutana na waliosikia kwamba sindano ya tako hutoa mimba, na waliofikiri wakichomwa ndipo mume atajua. Jibu hofu ile aliyoitaja, usirudie hotuba yote. Akiendelea kukataa, andika, mpe tarehe ya kurudi, muage vizuri. Wengi hurudi kwa aliyewaaga vizuri. Mtoto akizaliwa, achunguzwe na atibiwe.

*Binti wa miaka 16.* Kwa kipimo cha VVU, marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya UKIMWI yalishusha umri wa kuridhia mwenyewe kutoka miaka 18 hadi 15. Kwa kaswende, mweleze kwa lugha yake, mwache akubali yeye, na umchome leo. Muulize kama yupo mtu mzima anayemwamini, kisha umsikilize amtaje nani. Anaweza kuwa shangazi na si mama yake. Kama kuna dalili alilazimishwa, kuna ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mweleze kabla hujawaita. Asigundue mlangoni.

*Vichupa ni viwili na wagonjwa ni wanne.* Benzathini imewahi kuadimika duniani kote, kwa hiyo litakukuta. Wajawazito kwanza, kwa sababu wengine wana dawa mbadala na wao hawana iliyo sawa nayo. Eritromaisini na azithromaisini hazivuki kondo la nyuma vya kutosha kumtibu mtoto. Ukilazimika kuzitumia, andika kwa herufi zinazosomeka kwamba mtoto lazima atibiwe akizaliwa. Kati ya wajawazito wenyewe, tazama mimba ilivyo kubwa, na nani anaweza kufikishwa leo kituo cha jirani. Usitazame nani ni mke wa nani. Na piga simu vituo vya jirani kabla hujachagua, mara nyingi dawa ipo ng'ambo ya ghuba.

*Mume amekuja peke yake anauliza mkewe ana nini.* "Baba, karibu. Majibu ya mama nampa mama, kama ambavyo yako nisingempa yeye. Wewe nakupima sasa hivi ukitaka." Mara nyingi hukaa. Ukimpima na kumtibu, umefika kulekule bila kutoboa kitu.

*Watafiti wamefika na wanataka kusajili wajawazito.* Kanda yetu ina historia ndefu ya tafiti, na nyingi zimetusaidia. Ila mama aambiwe wazi kwamba tiba yake haitegemei kujiunga, na aliyekataa achomwe siku hiyohiyo kama aliyekubali. Kule Tuskegee, Marekani, kati ya 1932 na 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa ili ugonjwa uonekane unavyokwenda, ingawa penisilini ilikuwa tiba inayojulikana tangu miaka ya 1940. Wake zao waliambukizwa na watoto walizaliwa nayo. Mtafiti yeyote akikwambia "huyu msimtibu kwanza", simamisha kazi na uombe kuona kibali cha maadili.

*Mtumishi mwenzako ametoboa siri.* Usilimalize kwa minong'ono jikoni. Mwambie mganga mfawidhi, kisha mama mwenyewe aambiwe na aombwe radhi. Ana haki ya kujua kabla hajalikuta linasemwa kwenye bomba la maji.

*Mgonjwa ni jirani yako, au shemeji.* Visiwani hili halikwepeki. Mwambie kabla ya kipimo: "Shemeji, tunafahamiana. Ungependa mwenzangu akuhudumie?" Akikubali wewe, basi jioni mkikutana mwaloni mnunue dagaa kama kawaida, na usimuulize anaendeleaje mpaka siku ya kliniki.